Kipimajoto cha Samaki wa Bwana

Shambani, njia ya Kachibora,
Kitale.
Agosti 2, 1953.

Mpendwa shemeji Jotham,

Salamu nyingi zikufikie wewe na nyumba yako yote hapo Myanga. Hamjambo? Kifua cha Edah kimepona? Na mama mkwe, miguu bado inamfikisha kanisani? Sisi afya tunayo. Dada yako Nasimiyu ni mzima, Gathoni ameota meno, naye Wahome amekuwa mwizi wa mahindi ya kuchoma. Tabia hiyo ameitoa kwenu, kwetu haiko. Natania, shemeji, lakini moyo wangu ni mzito.

Barua hii sikuitia posta. Tangu Serikali itangaze hali ya hatari, barua za sisi Wakikuyu husomwa na wengine kwanza. Nimempa Wekoye, dereva wa lori la mahindi, akutie mkononi mwenyewe. Ukimaliza kuisoma, ichome.

Asante kwa kipimajoto ulichonitumia. Najua hukuelewa vizuri nilikitakia nini, basi wacha nikueleze yote.

Bwana wangu, Mzungu mwenye shamba hili, ana sanduku la kioo sebuleni, limejaa maji, na ndani yake samaki wadogo wa rangi rangi. Ukiwakaanga wote hawatoshi tonge moja. Walitoka nchi za joto, na baridi ya Kitale inawamaliza, ndiyo maana chini ya sanduku kuna taa ya mafuta inayopasha maji. Kazi yangu ni kuongeza na kupunguza utambi, na kuonja maji kwa kiwiko kama mama anayemwogesha mtoto.

Wakikuyu wenzangu wote wa shamba hili walishapakiwa kwenye malori, wakapelekwa rizavu ya kabila letu huko Nyeri, mahali ambapo wengine hawajawahi kukanyaga. Nimebaki mimi peke yangu. Bwana alimwandikia D.O., ofisa wa wilaya, ati hakuna mtu mwingine awezaye kutunza samaki wake. Sasa unaona mambo yalivyo: samaki wakiwa hai, mimi nalala kwangu na mke wangu na watoto wangu. Wakifa, ninakwenda.

Na mwezi wa Julai wakaanza kufa. Kipimajoto cha zamani kilikuwa kimetundikwa pale pale juu ya taa, kikawa kinasema joto lipo, kumbe upande wa pili maji ni baridi kama ya mtoni. Samaki walikuwa wamejibana wote pembe moja. Bwana alipotaka kukisogeza kikamponyoka kikavunjika. Hapo ndipo nikakuandikia kwa haraka, nikijua wewe unafanya kazi dispensari.

Lakini jamani Jotham! Hicho chako si ni cha kwapani? Kinaanza kuhesabu mahali pa joto la mwili wa mtu, na maji yakifika hapo nitakuwa nimepika mchuzi. Tena kikishapanda hakishuki mpaka ukikung'ute. Nasimiyu alicheka hadi akakaa chini, na nilifurahi kumsikia, maana alikuwa hajacheka siku nyingi. Nimekiweka, kitawafaa watoto wakishikwa na homa.

Bwana akaniandikia pasi ya kutoka shambani nikaenda mjini kwa Mhindi. Alikuwa nacho kimoja cha zebaki. Nikakikataa, kwa sababu kikivunjika ndani ya maji zebaki ni sumu. Kingine kilikuwa na ganda la chuma, nacho nikakikataa kwa ajili ya kutu. Nikachukua cha kioo pekee, chenye maji mekundu ndani na namba kubwa zinazoonekana kwa mbali. Mhindi akaniuliza kama nanunua kipimajoto au natafuta mchumba.

Kukiweka pia ni kazi. Nilikitundika mbali na taa, mbali na dirisha ili jua lisikidanganye, katikati ya kina cha maji, kisiguse chini wala kisielee juu. Namba zikaangalia nje, mtu asome bila kukitoa majini. Halafu nikachukua uzi mwekundu wa Nasimiyu nikaufunga kwenye sabini na tano ya Farenhaiti. Yale maji mekundu yakiwa chini ya uzi, ongeza utambi. Yakipita uzi, punguza. Basi.

Shemeji, samaki walipona. Walitawanyika sanduku zima, na mmoja akazaa. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikamwambia Nasimiyu apande maharage, mwaka huu tutayala hapa.

Bwana akaja akatazama ule uzi, akatazama taa, akafurahi sana. Kisha akamwita Kipruto wa bustanini, akaniambia nimfundishe. Nikamfundisha. Kabla ya chai ya saa nne alikuwa ameshajua yote. Nilikuwa bado sijafahamu nilichokifanya. Siku iliyofuata Bwana akaniita ofisini akasema D.O. ameuliza tena habari zangu, na safari hii yeye hana la kumjibu, kwa kuwa kazi yangu sasa mtu yeyote anaiweza. Alisema anasikitika. Shukrani ya punda ni mateke, lakini hili teke nimelitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na ndilo linaloniuma. Simchukii Kipruto. Jana alileta maziwa, akayaweka mlangoni akaondoka.

Lori langu ni Jumatano. Nasimiyu anataka twende wote, nimekataa. Tunasikia kwamba njiani kuna kambi watu wanakolala wamebanana, watoto wanaharisha na hakuna wa kuwatibu. Tafadhali, njoo uwachukue kabla ya Jumatano. Usimtume mtu, njoo wewe.

Kuna jambo moja zaidi, na mkono wangu unakataa kuliandika. Mama yao ni Mbukusu, lakini kwa Serikali mtoto ni wa kabila la baba. Ukiwaandikisha shuleni, usiandike jina langu. Waandike kwa jina lako. Gathoni aitwe Nasambu, yeye ni mdogo, hatakumbuka. Wahome mwite Wabwile. Wahome ni jina la baba yangu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ndiye babu amerudi, na kumvua jina hilo ni kumzika mzee mara ya pili. Hata hivyo mvue.

Nisalimie Edah, na mama mkwe umpe heshima zangu kwa mbali, kama desturi yenu inavyotaka. Mungu aifunike nyumba yako, asiwakoseshe chakula wala amani. Mimi aniangalie atakavyopenda.

Leo mchana kutwa nimekuwa nikimfundisha Wahome. Namwuliza, baba yako ni nani? Mwanzo alikuwa ananielekeza kidole na kucheka, akidhani ni mchezo. Nilimchapa, shemeji, mara yangu ya kwanza kumchapa. Sasa nikimwuliza anajibu vizuri, bila kunitazama: "Baba yangu ni Jotham."

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye daima,
Nderitu