Fisi Wawili, Karatasi Mbili

Payal, uko online? Usicheke. Nico amejimaliza.

Unakumbuka ile katuni yake ya blogu, fisi wawili wanang'ang'ania kiti mpaka kinavunjika? Mmoja wa serikali, mwingine wa upinzani. Aliichora hivyo makusudi, kila upande upate dongo lake.

Sasa printa ya hapa cyber anakofanya kazi inaikata katikati. Fisi wa serikali anatoka karatasi ya kwanza, wa upinzani ya pili. Watu wa upinzani wamekuwa wakibeba ya kwanza tu. Iko kwa kila kinyozi hapa mtaani.

Leo wakaingia vijana wa serikali, wamekasirika, hawajui mchoraji ni yeye. "Boss, tunasikia unajua kuchora. Tuchoree ya kuwajibu hawa."

Kuwajibu, Payal. Na jibu lilikuwa hapo kwa printa, limeachwa.

Nico akafurahi, maskini. Akawapa ya pili, akawaambia, "Hizi ni kitu moja, ziunganisheni." Nani alimsikiza? "Hii ndiyo sasa," wakatoa kopi, wakaenda kubandika.

Ndio akakumbuka. Yeye huweka sahihi kona ya chini, kulia. Karatasi ya pili. MAKHANU, herufi kubwa. Na mtaa anaoishi na mamake ni upinzani mtupu.

Blogu ameshafuta. Itasaidia nini.

Saa hii mamake amepiga simu, anauliza mbona jina lao liko kwa ukuta. Nico ameilaza simu juu ya keyboard. Inaongea peke yake.