Mafunzo ya Baada ya Idi

Ukunda, 9 Juni

Kaka Abubakar, shikamoo.

Nilipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia tarehe 12 Mei, kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka pale hotelini.

Mengine ni mema. Mbuzi wa mama amezaa pacha. Wenzangu walikuja kunijulia hali siku tatu, kisha wakaacha. Kufunga vifungo vya blauzi hunichukua dakika sita, na hakuna wa kumwomba.

Mkataba wa hoteli na chama cha wafanyakazi, ulioujadili wewe mwenyewe, kifungu cha 22, unasema mtu haigusi mashine ile kabla ya mafunzo ya siku mbili. Meneja amenionyesha daftari la mafunzo. Lina sahihi kumi na tisa, yangu ya saba. "Mbeyu, wewe ulifunzwa," akasema. Kwa hivyo kosa ni langu, na kazi sina.

Unaikumbuka siku ile ya Ramadhani. Ilibaki nusu saa kuadhiniwa magharibi, nawe mwakilishi wetu ukapitisha daftari: "Tieni sahihi, jamaa, tukafuturu. Mafunzo ni baada ya Idi." Tukacheka, tukatia. Idi ilipita, nawe ukahamia ofisi ya chama Nairobi.

Nilitia sahihi bila kusoma. Hilo nalibeba mwenyewe.

Rufaa yangu itasikizwa Ijumaa. Utaandika kwamba mafunzo hayakufanywa, au hutaandika? Nijibu kabla ya Alhamisi adhuhuri, na usinitumie salamu badala ya jibu.

Dadako,
Mbeyu