Mzee Aliyeomba Kura Matangani

Mpendwa mzee wangu wa Ireland,

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu nikikasirika Kiingereza kinanitoroka. Tafuta mtu akutafsirie, na asome kwa sauti, majirani zako wasikie.

Binti yako aliniajiri hapa Takoma Park, Marekani, nikupikie uji na nikukumbushe dawa. Hakuna aliyeniambia nakuja kusikiliza kampeni! Kila asubuhi nikikuvalisha soksi, ni hadithi ile ile: ulikuwa mbunge huko kwenu kwa sababu hukukosa mazishi ya mtu. Hata paka akifa, wewe uko mlangoni, kofia mkononi. Halafu ukalala na homa siku moja, ukakosa mazishi ya bibi mmoja tu, ukoo wake wote wakakunyima kura. Kwisha ubunge.

Sasa ona kosa langu. Rafiki yangu Mama Njeri alifiwa na mumewe, nikakubeba twende matanga Landover, maana singekuacha peke yako. Nikakufundisha kusema "pole sana." Ukashika mikono ya watu wote, mpaka wapishi jikoni. Hapo sawa. Lakini watu wakaitwa waseme neno, na nani akasimama? "Pole sana," ukasema, kisha ukaanza kuahidi barabara! Ukamalizia kwa kuomba kura! Aki nilitamani kuingia chini ya meza ya chapati. Lakini Mama Njeri akacheka, mara ya kwanza tangu afiwe.

"Wewe, huyu umemtoa wapi? Mpe chai!"

Watu wakapiga makofi. Na makofi hayo ndiyo yalikuharibu. Wiki mbili tu, umepanda ndege kurudi kwenu kugombea, na miaka yako hiyo themanini! Hata kuniaga hukuniaga. Binti yako ananiangalia kama mimi ndio nilibandika picha zako za kampeni ukutani.

Jana ameniambia umeshindwa, na ati unaona haya kurudi. Ananunua kadi za simu, anapiga, wewe hushiki. Analia jikoni akidhani sisikii. Haya ya nini, mzee? Kwani sisi hapa ndio tulikunyima kura?

Jumamosi ijayo ile nyingine kuna matanga tena, hapo hapo Landover. Mama Njeri anapika. Ameniuliza mara tatu, "Mbunge wetu anakuja?" Nimesema ndiyo. Usinifanye muongo. Ulishakosa mazishi mara moja, na unajua yaliyokupata.

Kwaheri uliyoninyima, mimi nakupa. Safiri salama, na uvae soksi.

Ni mimi, mama wa uji wako.