Upepo Umetufunga Enkhuizen

Ndani ya boti, bandari ya Enkhuizen,
Uholanzi.

Kwa dada yangu Namkunda, Suji.

Dada, shikamoo. Naiweka na ya pili, shikamoo, maana ya kwanza upepo wa huku unaweza kuichukua kabla haijafika Same. Goti lako linaendeleaje? Bado linakusumbua ukipandisha kutoka shambani? Mvua je, imenyesha ya kutosha au imewadanganya tena? Mimi ni mzima wa afya, isipokuwa kichwa, nacho si ugonjwa, ni dari. Nitakueleza.

Utasema, Elikana, kwa nini barua na simu ipo? Dada, kwenye simu wewe unalia, mimi najisifu, mtandao unakatika hatujasema kitu. Na jambo la leo nataka lisomwe mbele ya wazee kwa mwandiko wangu mwenyewe wa darasa la tano, asije mtu akasema nimesemewa. Mpe mdogo wetu Zakayo asome kwa sauti. Asiruke mstari, hata pale ninapomsema yeye.

Leo ni siku ya tano upepo umetufunga hapa. Ziwa la nje ya bandari limechafuka, boti za injini kama yetu zote zimejibanza gatini kama kuku wanaonyeshewa. Na huu si upepo wa kawaida. Juzi umemng'oa mtu kofia, ukaipeleka ng'ambo, jioni ukairudisha na majani mabichi ndani yake. Nimeona mwenyewe. Chumba changu kiko pembe ya mbele kabisa. Kitanda kimekatwa pembe tatu kama sambusa, miguu yote miwili inaishia kwenye ncha, inagombania. Nikikaa dari linanigusa, nikisimama linanikumbusha. Nikitoka nje ni hatua kumi na moja kwenda na kumi na moja kurudi, halafu mvua inanirudisha ndani. Mbuzi wako zizini wana nafasi kuliko mimi.

Lakini miji, dada! Huko nyuma tulipita Monnickendam, tukapita Edam, tukalala Hoorn siku tatu. Ni bandari za zamani, tangu enzi za meli za matanga zilizokwenda kufuata viungo mwisho wa dunia. Hoorn nyumba zimeinama mbele kidogo, kama watu wanaochungulia ugomvi wa jirani. Hapa Enkhuizen kuna mnara mdomoni mwa bandari wenye kengele zinazoimba nyimbo nzima, na kuna ghala ambamo zamani walikuwa wakihifadhi pilipili, karafuu na tangawizi. Niliposikia tangawizi nikamwambia mama anayelinda mlango, "Mama, mimi natoka wilaya ambayo tangawizi ikivunwa hata mbuzi wanapiga chafya." Akacheka, akanipa ninuse gunia la maonyesho. Halinuki kitu. Nilimwonea huruma.

Na hili najua Zakayo ataguna, aache kuguna: nimepita na boti juu ya ng'ombe. Naapa. Huku nchi iko chini kuliko maji. Mfereji umejengewa kingo, unapita juu, na malisho yako chini. Unakaa zako kwenye boti, unatazama chini, unaona migongo ya ng'ombe. Kwa vile nimeshawaambia mengi ya kuongeza, hili la kweli ndilo hamtaliamini, najua.

Sasa kwa kuwa nimelitaja la kuongeza, nitue mzigo. Boti si yangu.

Najua nilivyoandika mwaka ule nilipofika huku. Nilisema nimenunua, nikasema naitwa Nahodha Elikana, nikatuma picha nimeshika usukani. Usukani niliushika kwa dakika ile ya picha. Boti ni ya Mzee Kees. Unamkumbuka, yule Mholanzi aliyekuja Same kuchimba visima, mimi nikiwa dereva wake, ukampikia makande akaomba sahani ya pili, ukatangaza Suji nzima. Mkewe alikufa, na baadaye mkono wake wa kushoto ukapooza. Akaniita nimsaidie kuzunguka zile bandari za zamani alizokuwa akizunguka na mkewe, kabla watoto wake hawajaiuza boti. Nahodha ni yeye. Mimi ni mpishi, na mfunga vifungo vya shati lake, na mshika kamba.

Ilikuwa iwe kiangazi kimoja. Hiki ni cha tatu. Kibali changu cha kukaa huku kimekwisha, nimeomba kingine, na nikitoka kabla ya jibu huo mlango hautafunguka tena. Na watoto wake wameshasema, siku Elikana akiondoka boti inauzwa, na mzee anapelekwa kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Yeye hajaniambia nibaki hata mara moja. Angeniambia ingekuwa rahisi, ningekasirika nikaondoka. Yeye ananiuliza tu kwa Kiswahili chake cha zamani, "Elikana, kesho twende bandari gani?" Nitamjibu nini?

Ndivyo nilivyobanwa. Na mimi niliyebanwa huku nikawabana na ninyi huko.

Nakijwa mwanao alipoposwa na yule mwalimu wa kule kijiji cha Kifaru, nilifurahi mpaka nikapiga kichwa kwenye dari. Halafu nikaandika kwa kiburi: kwa ukoo wetu binti havuki kizingiti bila mjomba wake mkubwa kumshika mkono, na mjomba mkubwa ni mimi, basi subirini. Mkasubiri. Mkapanga tena, nikaandika tena, subirini, niko njiani. Dada, sikuwa njiani. Nilikuwa kwenye hiki kitanda cha sambusa. Niliona aibu kusema siwezi kuja, na niliona aibu zaidi kumfikiria Zakayo amesimama mahali pangu, watu wakimwita mjomba mkubwa, naye akiitika.

Sasa sikiliza kilichotokea wiki iliyopita, kabla hatujafika hapa.

Karibu na mji wa Medemblik kuna mahali boti inashushwa kutoka maji ya juu kwenda mfereji wa chini. Usishangae, ni kama ndiva yetu. Kule Suji tunakusanya maji bwawani usiku, asubuhi tunazibua, yanashuka mashambani kwa zamu. Huku wanaingiza boti yenyewe ndani ya ndiva ya zege, wanafunga mlango nyuma, wanazibua, na maji yanashuka na boti juu yake kimo cha nyumba. Ukifika chini wanafungua mlango wa mbele, unakwenda zako. Milango mingine tuliyokuwa tumepita, maji hushuka kiganja tu. Nilipoiona hii nilimwambia Mzee Kees, "Haya mambo usinifundishe. Mimi nimezaliwa juu ya ndiva. Baba yangu alikuwa akisikia maji yanavyolia usiku anajua nani kaiba zamu."

"Vizuri," akasema. "Basi shika kamba ya mbele."

Nikaipitisha kamba kwenye chuma cha ukingoni, na kwa kuwa mimi si mtu wa kulegalega, nikaikaza, nikapiga fundo. Si fundo la hivi hivi. Lile alilotufundisha baba la kumfungia fahali mkorofi, ambalo akivuta linazidi kukaza. Nikakung'uta mikono, nikaingia jikoni kugeuza maharage.

Maji yakaanza kushuka. Mara sufuria ikanisogelea. Nikasema labda ni mimi. Mara vikombe vikaja, halafu maharage yakaja, yote, kifuani. Nikatoka nje nikakuta nyuma ya boti imeshuka na maji, na mbele imebaki juu, inaning'inia kwenye fundo langu kama mbuzi kwa mchinjaji. Mzee Kees kashikilia usukani kwa mkono wake mmoja mzima, miguu inateleza.

"Legeza, Elikana! Legeza!"

Nalegeza wapi? Lile fundo kadiri linavyovutwa ndivyo linavyokaza, nimeshakwambia. Nilivuta kwa meno, dada. Mlinzi wa milango, mwanamke mrefu mwenye koti la njano, akapiga kelele, akasimamisha maji, akaja mbio na kisu kikubwa, akaikata. Boti ikadondoka, pwaa, sote tukalowa.

Yule mama akasema neno kwa Kiholanzi. Nikamuuliza mzee, "Anasemaje?"

"Anauliza wewe ulikuwa unafunga boti au unafunga ng'ombe."

"Mwambie kwetu ng'ombe aliyefungwa hivi hajawahi kupotea."

Mzee Kees alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akacheka kidogo kidogo, akaacha, akaniita nikae karibu. Akasema, "Elikana, kamba hapa si ya kufunga, ni ya kushika. Maji yakishuka unaachia kidogo, yakishuka tena unaachia kidogo. Ukikaza unazamisha chombo."

Nikataka kumjibu. Wewe unanijua, mimi hukosa vingi lakini jibu sikosi. Safari hii nilipanda ukingoni, nikaokota kile kipande cha kamba chenye fundo langu, nikakitia mfukoni.

Jioni hiyo hiyo nikafungua simu, nikakuta ujumbe wa sauti wa Nakijwa. Hakulia. Angelia ningezoea. Alisema, "Shikamoo mjomba. Sikuombi zawadi. Naomba neno moja, unakuja au huji? Mwenzangu ameanza kuzoea kunisubiri, na mtu akishazoea kusubiri, huzoea pia kukaa bila mwenzake." Basi. Nimeusikiliza huku Enkhuizen siku zote tano.

Kwa hiyo Zakayo, soma hapa polepole na wazee wasikie. Mimi Elikana, mjomba mkubwa wa Nakijwa, siji. Harusi isinisubiri. Pangeni siku mara tangawizi ikishavunwa, wala msiniulize. Zakayo asimame mahali pangu, amshike mkono mwanetu, amvushe kizingiti. Na watu wakimwita mjomba mkubwa siku hiyo, aitike.

Dada, mwambie Zakayo na hili. Kwenye sanduku langu kuna koti la kijivu lenye mifuko minne. Alivae. Litampwaya mabegani, kwa vile mimi nina mabega ya mtu wa kazi, lakini alivae.

Nisalimie shemeji, mwambie maharage yake ningeyala hata yangekuja na mchanga. Nisalimie mama mdogo wa kule bondeni, na jirani yetu fundi cherehani, na mzee wa zamu za ndiva. Huyu mwambie Waholanzi wamejitahidi lakini wanafuja maji. Wazee wa mwalimu wa Kifaru wapeni salamu za heshima, na muwaambie kosa la kuchelewa lilikuwa langu, si la binti.

Mzee Kees amechungulia hapa, anauliza kama nimemsalimia mama wa makande. Anakusalimia. Anasema upepo unatulia, huenda kesho tukatoka. Ameniuliza twende bandari gani. Nimemwambia Stavoren, ng'ambo ya ziwa, lakini kwenye milango ya maji kamba ya mbele naishika mwenyewe, sikai jikoni.

Mwisho. Bahasha hii utaikuta imevimba kama shavu la mwenye jino bovu, usiogope. Ndani kuna kipande cha kamba, urefu wa mkono mpaka kiwiko. Ndicho alichokata yule mama wa koti la njano. Kilikuwa bado na fundo langu, na hakuna mtu gatini aliyeweza kulifungua, hata vijana wa boti jirani walishindwa. Nimelifungua mwenyewe kwa ncha ya uma, siku tatu za huu upepo, kucha mbili zimeng'oka. Siku Nakijwa akitoka, ashike upande mmoja, Zakayo ashike upande wangu. Asiizungushe mkononi wala asiikaze. Binti akifika kizingitini, Zakayo aachie.

Ni mimi mdogo wako,
Elikana, mshika kamba.