Dawa Iitwayo Hwei

Hospitali ya jeshi, Assam
3 Oktoba 1944

Baba, shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yangu. Natumaini hamjambo hapo Nyangamara na kifua cha mama kimepoa. Mimi niko hospitali, niliumia mguu kidogo huko Burma. Msiwe na wasiwasi, naweza kutembea.

Kwenye kitanda cha jirani yupo askari Mchina, Liu. Ananifundisha Kichina, nami namfundisha Kiswahili, maana siku hapa haziishi. Jana nilimwambia kwa lugha yake kwamba naweza kuogelea, akacheka mpaka sista akamkemea. Kumbe wenzetu "naweza" wanazo tatu. Hwei ni kuweza kwa kujifunza: ukishajua kuogelea, umejua. Neng ni mwili kuwa na nguvu. Keyi ni kupewa ruhusa. "Wewe hwei," akaniambia, "lakini kwa mguu huo si neng, na sista hatakubali, basi si keyi." Sisi tumeridhika na moja tu, Baba. Tunabana sana matumizi.

Mwanao,
Severini

Nyangamara
12 Desemba 1944

Mwanangu Severini, marahaba. Mama yako naye anaitikia. Tunaamka, ila kifua chake bado. Hata uji anaacha nusu. Barua yako nimemsomea mara nne, ila habari za Kichina naziruka, zinamchosha. Kila nikifika "naweza kutembea" ananiambia nirudie.

Neno hilo limenikaa vibaya. Umenifundisha yale matatu, halafu kwenye kutembea ukatumia letu. Ni lipi? Nijibu kwa Kichina, maana barua zako nazisoma kwa sauti na mama yako masikio yake ni mazima kabisa. Nitamwambia ni jina la dawa.

Baba yako,
Klementi

Hospitali ya jeshi, Assam
20 Februari 1945

Baba, shikamoo, na mama shikamoo. Mimi nipo, chakula kipo. Liu amehamishwa, sina tena wa kunisahihisha, lakini hili nina hakika nalo.

Ile dawa uliyoniuliza ni hwei. Ni hiyo peke yake. Neng imekwisha, na daktari anasema haitaagizwa tena.

Nami nikuulize, Baba. Shamba la mtama la bondeni, utaweza kulilima peke yako mpaka nirudi? Nijibu nawe kwa jina la dawa.

Mwanao,
Severini

Nyangamara
6 Mei 1945

Mwanangu, marahaba. Barua yako ilifika Jumatatu ya Pasaka, nikamsomea mama yako palepale kitandani. Akaniuliza hiyo hwei ni dawa nzuri? Nikasema ni nzuri. Akauliza, "Kwa hiyo mwanangu anaweza kutembea?" Nikasema anaweza. Hakuuliza lipi.

Tulimzika Jumamosi iliyofuata. Nilitaka kukuandikia siku ileile, nimeshindwa mpaka leo. Nimeumia sana, Severini, kwa mguu wako na kwa mama yako, na sijui nianze kulilia kipi.

Umeuliza habari za shamba. Jembe nikilinyanyua mara tatu nakaa chini. Magugu yamepita mtama, na jirani yetu Likwata ananiomba nimwachie eneo lote. Hapa nyumbani hakuna tena wa kufichwa, ningeweza kukuandikia kwa lugha yetu, lakini jibu langu ni lilelile lako. Kulima ni hwei.

Baba yako,
Klementi