Nilipolala Kwenye Kitanda Chake

Juu ya duka la vioo,
Jumapili, 9 Agosti

Mpendwa wifi,

Bado naisikia mashine ya kunyolea. Nilikuwa nimempelekea kaka yako chai kinyozini kwake nikamkuta chini, nayo ikinguruma sakafuni kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kopo. Hata hivyo, nakusalimu kwa mapenzi. Hamjambo huko mbali? Mafua ya watoto yamekwisha? Sisi tunapumua, na kwa sasa kupumua kunatosha.

Kiharusi kimeshika upande wake wa kulia. Maneno yanarudi polepole, ila utani umetangulia. Yule mteja aliyeachwa siku hiyo na kichwa kilichonyolewa nusu alikuja kumwona, bado hajanyolewa kwingine. Kaka yako akamtazama wee, akasema, "Tumekuwa... pacha." Nilicheka hadi nikalia.

Uliniandikia kwamba mama mkwe amchukue, maana mimi bado mbichi. Sikukasirika. Daktari alipouliza kama niko tayari kumpokea nyumbani, ndugu wote walinitazama. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni. Nikasema, "Siko tayari. Nifundisheni kwanza." Mama akashusha pumzi, akaanza kukusanya nguo za mwanawe ampeleke kwake.

Mwalimu wa mazoezi ya viungo pale hospitalini hakuanza na kumwinua mgonjwa. Alinilaza mimi kwenye kitanda cha mume wangu. "Mkono huu si wako tena. Mguu huu pia." Nikafumba macho. Wifi, chumba kilielea. Nusu yangu iliondoka taratibu, ikakaa mahali penye ukungu, isiwe na haraka ya kurudi. Aliponivuta ghafla niliogopa kama mtoto mchanga. Aliponiambia kwanza, "Sasa tunageuka," mwili ulimfuata wenyewe.

Nilipofumbua macho, kaka yako alikuwa akinitazama kutoka kwenye kiti.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona, baba."

Naogopa bado. Naogopa bafu, ngazi, hata chai inapompalia. Lakini siku hiyo nilimgeuza mwenyewe, naye hakunishika kwa woga.

Nisalimie shemeji na watoto, Mpole na Kijiko, umbusu kila mmoja wao kwenye paji la uso. Mungu awatulizie nyumba, usingizi wenu uwe mnono.

Ijumaa nilimleta kaka yako hapa nyumbani kwetu. Mama mkwe amekuja nasi. Yeye ni mgeni, mwenyeji ni mimi.

Akupendaye kwa moyo mzima,
Wifi yako