Tenti ya Juu ya Gari

Baba Atai,

Chai iko kwa chupa. Mihogo nimefunika, paka asikutangulie. Nampeleka mama yako kwake Osukuru, nitarudi jioni. Usiulize majirani kitu, wamecheka vya kutosha.

Jana ulimwambia kwa simu, "Mama, Jumamosi naleta tenti nyumbani." Hivyo tu, ukakata! Hapa kwetu nani analeta tenti nyumbani bila msiba? Leo asubuhi, wewe ukiwa bado na malori yako mpakani na simu umezima, alishuka hapa kwa boda na kuku wawili, na nyuma yake akina mama wa kanisani wakilia tangu barabarani. Akanishika mikono. "Niambie ukweli. Ni mwanangu?" Nilikosa hata kucheka.

Nikamweleza kwamba hii tenti ni ya kufungwa juu ya Prado yetu, watu wanapanda kwa ngazi na kulala humo porini kwa raha zao. Akajifuta macho. Halafu: "Na mimi na magoti haya, nitapanda ngazi?"

Mpigie kwanza. Ameniamini, lakini anataka sauti yako.

Kuku aliowaleta wako nyuma ya jiko, wape maji.

Ukivuka upande wa Kenya kuchagua, ~~achana na hiyo tenti kabisa~~ usichukue ile ngumu uliyoipenda, ya kufunguka kama sanduku. Chukua ya turubai, yenye chumba kinachoshuka mpaka chini. Mama amesema hapandi juu. Hajasema haendi.

Mkeo,
Mama Atai